Kungoja Upepo Unguja

Jahazi la Maskati au Kuwaiti lililotia nanga Unguja mwezi wa Januari halikuweza kurudi kwao kabla ya Aprili, hata kama shehena yote iliuzwa katika wiki ya kwanza. Kaskazi, inayovuma tangu Novemba hadi Machi, ndiyo iliyoleta vyombo kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi ndiyo iliyovirudisha. Kwa upepo mzuri, kutoka Maskati hadi Unguja ni safari ya wiki tatu au nne, na mara nyingi chombo kilikaa bandarini siku nyingi kuliko zile kilizokuwa baharini. Masimulizi ya historia ya pwani husifu sana ubaharia na kuipita haraka miezi hiyo ya kungoja, ilhali sehemu kubwa ya maisha ya miji ya Waswahili ilifumwa ndani yake.

Jambo hili ni la kale. Periplus, mwongozo wa biashara ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, unaeleza kwamba manahodha na mawakala wa Kiarabu waliofika Rhapta, bandari ya mbali kabisa katika pwani hii, walioa kwa wenyeji na kuijua lugha yao. Mtu anayepita kwa siku mbili hajifunzi lugha wala hapati wakwe. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliona jinsi mgeni alivyopokewa: vijana wa mjini walikwenda hadi melini na mashua, kila mmoja ameshika sahani ya chakula iliyofunikwa, akamkabidhi mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni alilala kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Biashara iliyofanywa bila mwenyeji kuwepo haikuhesabiwa kuwa halali. Ulikuwa utaratibu wa busara, kwani mgeni hakujua bei wala watu, na mji ulihitaji mtu wa kumdhamini kwa miezi yote atakayokaa.

Unguja ilipata nafasi ya kwanza baada ya Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, kuhamishia makao yake huko kutoka Maskati, uhamisho unaowekwa kati ya mwaka 1832 na 1840. Bagala, bedeni, kotia za Kihindi na mabumu ya Kuwaiti yalijazana mbele ya mji kila kaskazi. Yalishusha tende, chumvi, papa mkavu, samli, mazulia, vitambaa na makasha yenye nakshi za misumari ya shaba. Yalisubiri karafuu, nazi, pembe za ndovu na boriti za mikoko.

Kazi kubwa ya pwani ilikuwa kukitengeneza chombo. Wakati wa bamvua maji ya Unguja hupanda na kushuka kwa takriban mita 4, na mafundi waliitumia tofauti hiyo. Maji yakijaa, jahazi lilisogezwa hadi kwenye mchanga wa Funguni, kando ya mtaa wa Malindi. Yakipwa, lilibaki kavu, limeegemezwa magogo ubavuni. Zilikuwapo saa chache tu kabla bahari haijarudi. Mabaharia walikwangua majani na magamba yaliyoganda pembeni mwa mkuku. Palipokuwa na ufa, fundi alishindilia kalafati, pamba iliyochovywa mafuta, kwa patasi na nyundo. Kisha sehemu yote inayokaa majini ilipakwa deheni ya chokaa na shahamu, watu wakiipaka kwa viganja, ili wadudu watoboao mbao wasipate njia. Mbao za juu zilipakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na harufu yake ilienea mitaa ya karibu msimu mzima. Matanga yalitandazwa chini yakashonwa upya. Kamba za makumbi zilinunuliwa kwa watu wa mashamba, ambao wanawake wao walifukia makumbi ufukweni kwa miezi, wakayafukua, wakayaponda na kuyasokota. Kwa njia hiyo hata kijiji kisichoonekana kutoka bandarini kilikuwa na fungu lake katika kungoja kwa mabaharia.

Baharia mwenyewe hakuwa na mshahara wa mwezi. Katika majahazi ya Kuwaiti mapato yaligawanywa mafungu baada ya kutoa gharama, na wengi walianza safari wakiwa na deni kwa nahodha, naye nahodha akidaiwa na tajiri wa kwao. Ndiyo maana kila mtu alibeba sanduku lake la bidhaa ndogondogo na kuzitembeza mitaani siku ambazo hakuna kazi pwani. Wageni wa Kizungu waliomwona ameketi barazani na kikombe cha kahawa wakamwita mvivu hawakumtendea haki. Pale barazani ndipo habari za bei, za deni na za upepo zilipopatikana. Wengine walikuwa na mke na watoto Unguja, wakiwaona msimu hadi msimu.

Msimu huohuo ulikuwa wakati wa hofu. Biashara ya watumwa ilipita katika majahazi haya, na mapatano ya mwaka 1845 na Uingereza, yaliyoanza kutumika mwaka 1847, yalipokataza watumwa kupelekwa Uarabuni, magendo na utekaji viliendelea. Wakazi wa mjini waliwafungia watoto ndani jioni kwa kuogopa kuibiwa na watu wa majahazi ya kaskazini. Soko la watumwa lilifungwa kwa mkataba uliotiwa sahihi na Seyyid Barghash, mtawala wa Unguja, tarehe 5 Juni 1873. Haifai kuisimulia miezi ya Malindi kwa kahawa na halua peke yake.

Kuondoka kulihitaji hesabu. Aliyekuwa tayari alishika kusi changa ya Aprili. Aliyecheleweshwa na wadeni au na mvua za masika alikwama, kwa sababu Juni na Julai kusi huvuma kwa nguvu mno na bandari nyingi za ng'ambo hazifikiki. Ilimbidi asubiri demani, Agosti au Septemba. Na kungoja ndani ya bandari hakukuwa salama siku zote: kimbunga cha tarehe 15 Aprili 1872 kilivunja vyombo vingi vilivyokuwa Unguja, na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa.

Mwaka huohuo meli za moshi za kampuni ya British India zilianza kufika kwa ratiba. Mzigo wa thamani ukahamia huko, majahazi yakabaki na tende, papa na boriti, na yakadumu kwa muda mrefu kuliko wengi walivyotazamia. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alisafiri mwaka 1938 na 1939 na bumu la Kuwaiti liitwalo Bayan, akashuhudia bandari ya Unguja na ukataji mgumu wa boriti katika delta ya Rufiji. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalitokea katikati ya kaskazi. Waarabu wengi waliuawa, na wengine walipakiwa majahazini kurudishwa Uarabuni. Wenyeji waliokuwa wakiwapokea wafanyabiashara wa msimu wakatoweka pamoja nao. Majahazi yaliyoendelea kuja yalielekea zaidi Mombasa. Mafuta ya petroli yaliwapa vijana wa Ghuba kazi yenye mshahara, na vyombo vilivyobaki vikafungwa mashine, vikaacha kufuata miezi ya kaskazi na kusi.