Ubashiri wa Kiharusi cha Kuziba kwa Mshipa

Ubashiri wa kiharusi cha kuziba kwa mshipa ni ukadiriaji wa uwezekano wa mgonjwa kuishi, na wa kurudiwa na uwezo wa kujihudumia, baada ya bonge la damu kuziba ateri ya ubongo. Viashiria vyenye uzito zaidi ni umri na ukali wa kiharusi tangu mwanzo, ambao hupewa alama 0 hadi 42 katika kipimo cha Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani. Matokeo hupimwa, aghalabu baada ya siku 90, kwa kipimo kilichorekebishwa kutokana na kazi ya John Rankin, daktari wa Glasgow, ya mwaka 1957, ambacho huanzia 0, yaani kutokuwa na dalili yoyote, hadi 6, yaani kifo. Kwa mkono uliopooza, kiashiria bora hakihitaji hata mashine: mgonjwa ambaye ndani ya saa 72 anaweza kunyoosha vidole na kuinua mkono kutoka begani, japo kidogo, ana matumaini makubwa ya kuutumia tena baada ya miezi 6. Hata hivyo, hesabu hizi huelezea makundi ya wagonjwa, wala hazitoshi peke yake kuwa sababu ya kumnyima mtu matibabu.