Awamu ya Kiwimbi: Historia Fupi ya Mwangwi wa Miamba

Neno awamu, ambalo Watanzania wengi hulihusisha na vipindi vya uongozi wa nchi, lina maana nyingine katika fizikia: ni mahali lilipofikia wimbi katika mzunguko wake wa kupanda na kushuka. Mnamo 1863 Hermann von Helmholtz alidai kuwa sikio hutambua rangi ya sauti bila kutegemea awamu. Fonetiki iliweza kukaa na dai hilo kwa muda mrefu, jiofizikia haikuweza.

Tangu majaribio ya J. C. Karcher huko Oklahoma mwaka 1921, watafutaji wa mafuta hutikisa ardhi na kurekodi mwangwi unaorudishwa na mipaka ya miamba. Kila mpaka hurudisha kiwimbi. Awamu yake isipojulikana, hatujui kama mpaka uko kwenye kilele cha kiwimbi, bondeni mwake, au baina ya hivyo viwili. Tabaka jembamba la gesi laweza kusomwa mahali pasipo pake, na kisima cha gharama kubwa kikachimbwa bure.

Katika tasnifu yake ya 1954 huko MIT, Enders Robinson alionyesha namna ya kutenganisha kiwimbi na miamba kwa hesabu ya utabiri. Hesabu ya jamii hiyo ilikuja kutumiwa pia kuchambua usemi. Hata hivyo, mwangwi ukilinganishwa na nafsi yake hubakiza nguvu ya mitetemo tu, awamu hupotea. Pengo hilo lilizibwa kwa dhana: kwamba nguvu ya kiwimbi hukusanyika mwanzoni. Baruti huikaribia dhana hiyo. Mashine za kutikisa ardhi haziifuati.

Ikabidi aitwe shahidi, nacho ni kisima. Mwaka 1927, huko Pechelbronn, Ufaransa, ndugu Conrad na Marcel Schlumberger walianzisha upimaji wa miamba kwa umeme ndani ya kisima. Baadaye viliongezwa vipimo vya mwendo wa sauti na densiti. Kwa viwili hivi hukokotolewa mwangwi unaotarajiwa katika kila mpaka; ukilinganishwa na ule uliorekodiwa, kiwimbi hupatikana pamoja na awamu yake.

Lakini shahidi naye huweza kushawishiwa. Vipimo vya kisima vikivutwa na kubanwa mpaka vilingane na mwangwi, hupatikana ulinganifu wa kupendeza na awamu ya uongo. Ndiyo maana R. E. White, mwaka 1980, alitilia mkazo upimaji wa kitakwimu wa ulinganifu huo.

Sisi tunaounda upya lugha mame kutokana na lahaja za leo tunahitaji tahadhari hiyohiyo: ushahidi uliopindwa ili ukubaliane nasi hauthibitishi kitu.