Kiti cha Pepo: Wanasiasa na Makamanda mbele ya Alice Lakwena, 1986–1987

Katika toleo hili tumeonelea tuanze na neno, kwani maneno ndiyo kazi yetu, kisha tuingie katika historia. Kwa Kiacholi, lakwena maana yake ni mjumbe, au mtume. Wengi wetu tulilisikia kwanza kama jina la mwanamke, lakini mwanamke huyo hakuwa Lakwena. Yeye aliitwa Alice Auma. Lakwena ni jina la pepo aliyempanda, na aliyetaka kuzungumza na Lakwena alimwendea Alice.

Tukiwaambia wanafunzi wetu watafute neno la Kiswahili la mtu wa namna hii, hukimbilia "mganga" au "mchawi". Yote mawili hayatoshi. Mganga hutibu, mchawi hudhuru, mpiga ramli hutazama ishara zake. Watu wa pwani wana neno linalofaa zaidi: mtu ambaye pepo humpanda na kusema kwa kinywa chake huitwa kiti. Pepo hukaa, kiti hukaliwa. Neno hili tunaomba msomaji alishike vizuri, kwani swali letu linazunguka hapo: ilikuwaje watu wazima wenye vyeo, maafisa wa jeshi na hata aliyewahi kuwa waziri, wakaziweka siasa zao na roho za vijana wao mbele ya kiti?

Habari zenyewe kwa ufupi ni hizi. Alice Auma alizaliwa mwaka 1956 katika eneo la Gulu. Aliolewa mara mbili bila kupata mtoto, akawa akiuza samaki na unga huko Opit, kituo cha reli. Inaelezwa kwamba pepo Lakwena alimshika tarehe 25 Mei 1985, akawa hasikii wala hasemi, akaenda Paraa katika mbuga ya maporomoko ya Murchison, akakaa siku 40. Aliporudi alianza kutibu watu. Kwa zaidi ya mwaka mmoja alikuwa mtabibu tu, kama wengine wengi ambao Waacholi huwaita ajwaka, ingawa yeye mwenyewe aliwapinga hao ajwaka na hirizi zao. Lakwena alisema kazi yake ni ya Mungu wa Wakristo. Inasemekana alikuwa Mtaliano, mwanajeshi aliyekufa maji katika mto Nile wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Tarehe 6 Agosti 1986 Lakwena aliamuru uganga uachwe na jeshi liundwe. Miezi michache baadaye kamanda mmoja wa UPDA, kundi la waasi lililoundwa na wanajeshi wa zamani wa serikali, alimkabidhi Alice askari wapatao 150. Hapo ndipo pa kutua.

Wapo wanaopita haraka wakisema watu wa kaskazini walikuwa washirikina. Maelezo hayo ni mepesi mno, na yana dharau. Maafisa wa UPDA walikuwa wamefundishwa vita, wakajua kuchora ramani na kupanga mizinga. Tuangalie hali waliyokuwa nayo. Julai 1985 majenerali wa Kiacholi walimpindua Obote, na Tito Okello akawa rais. Tarehe 26 Januari 1986 jeshi la NRA la Yoweri Museveni liliingia Kampala. Askari waliokuwa watawala wa nchi kwa miezi sita walijikuta wakirudi vijijini kwa miguu, wakiwa na bunduki, bila mshahara na bila kazi ya kufanya. Kisha serikali mpya ikaamuru wasalimishe silaha na wajiandikishe. Nao walikumbuka mwaka 1971, pale Idi Amin alipoingia madarakani na askari wengi wa Kiacholi na wa Kilango wakauawa ndani ya kambi zao. Kumwambia mtu mwenye kumbukumbu hiyo aende kambini bila bunduki ni jambo zito.

Jambo la pili ni la ndani zaidi. Wengi wa askari hao walikuwa wametoka Luwero, ambako vita vya 1981 hadi 1986 viliua raia wasiohesabika. Katika mila ya Kiacholi aliyeua mtu hufuatwa na cen, roho ya marehemu mwenye kisasi, na hulazimika kutakaswa kabla ya kuingia nyumbani. Zamani shujaa mmoja au wawili walirudi na damu mikononi, wazee wakajua la kufanya. Mwaka 1986 walirudi maelfu. Wengine walikataa kutakaswa, wengine waliwapora na kuwatisha hao hao wazee. Magonjwa yakazidi, ukimwi nao ukaanza kusikika, na kila msiba ukadaiwa kuwa ni uchawi wa jirani. Hakuna mwanasiasa aliyekuwa na jibu la jambo hili, kwani hakuna kifungu cha katiba kinachomtakasa muuaji. Alice alikuwa na jibu. Aliwapitisha katika ibada, akachoma hirizi zao, akawapaka mafuta ya mti wa shea ambayo Waacholi huyaita moo yaa, akawatangaza kuwa wasafi. Kwa maoni yetu, aliwapa kitu ambacho UPDA haikuwa nacho hata kidogo, yaani heshima yao mbele ya nafsi zao wenyewe.

Inafaa pia kutazama namna baraza lake lilivyoendeshwa. Mtaalamu wa Kijerumani Heike Behrend, ambaye kitabu chake juu ya vita hivi kilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1993 na kwa Kiingereza mwaka 1999, alipata maelezo kutoka kwa waliokuwemo. Alice alivaa kanzu nyeupe na kukaa kwenye kiti. Karani mkuu alisimama mbele yake, akamkaribisha pepo, akaandika na kutafsiri. Pepo nao hawakuwa mmoja. Wrong Element alisemekana kutoka Marekani, naye alikuwa mkali wa maneno. Franko alitoka Zaire na alishughulikia chakula na vifaa. Ching Po, wa Mashariki ya Mbali, alihusika na mawe ambayo wapiganaji waliyatupa wakiamini yangelipuka kama mabomu. Lakwena alikuwa mkuu wao. Msomaji atatambua kwamba hili ni baraza la mawaziri, kila mmoja na wizara yake. Wanasiasa waliopoteza baraza lao Kampala walikuta jingine kaskazini, tena lisiloweza kupinduliwa.

Mmoja wa waliojiunga naye alikuwa Profesa Isaac Newton Ojok, aliyekuwa Waziri wa Elimu katika serikali ya pili ya Obote. Baadaye alikamatwa na kushtakiwa kwa uhaini. Kisa chake huwashangaza watu kuliko vingine, na mara nyingi hutajwa kwa kicheko: profesa, tena mwenye jina la Newton, mbele ya mawe yanayolipuka. Sisi hatukioni kuwa cha kuchekesha. Mwanasiasa aliyeshindwa hutafuta umati ulipo, na mwaka 1987 umati wa kaskazini haukuwa katika chama chochote. Ulikuwa kwa Alice. Huenda mtu akaamini, huenda akajifanya kuamini, huenda asubuhi akaamini na jioni akatia shaka. Matokeo yake kwa kijana aliyepakwa mafuta na kuambiwa atembee wima kuelekea kwenye bunduki yalikuwa yale yale.

Makamanda wa UPDA, kwa upande wao, walidhani wamepata chombo. Mwanamke huyu angewapa askari ari, nao wangebaki na uongozi. Hesabu hiyo iliharibika upesi. Baada ya ushindi wa mwanzo mwishoni mwa 1986, askari waliwakimbia maafisa wao na kumfuata Alice, na makundi hayo mawili yakafikia kupigana yenyewe kwa yenyewe. Kamanda aliyetoa askari 150 kama mkopo hakurudishiwa. Kufikia katikati ya 1987 jeshi la Alice lilikadiriwa kuwa na watu kati ya 7,000 na 10,000, na halikuwa tena la Waacholi peke yao.

Sheria za jeshi hilo zilikuwa 20. Usivute sigara, usinywe pombe, usiibe, usizini, usibebe hirizi, usimuue nyoka wala nyuki, usijifiche nyuma ya mti au kichuguu wakati wa mapigano. Nyingine ilisema kila mwanamume awe na korodani mbili, zisizidi wala zisipungue. Zipo katika orodha hii sheria ambazo jeshi lolote la nchi yetu lingefaidika nazo, na raia wengi walikiri kwamba askari wa Alice hawakuwapora kama walivyozoea kuporwa. Lakini tuone zilivyofanya kazi baada ya vita. Aliyekufa alikuwa amevunja sheria. Aliyepona alikuwa ameitii. Kwa hiyo hapakuwa na mapigano ambayo yangeweza kumthibitishia mtu kwamba mafuta hayazuii risasi. Mwanzoni mwa 1987 walipata pigo kubwa huko Corner Kilak, na maelezo yakawa hayo hayo, kwamba walioanguka hawakuwa wasafi.

Waliosoma historia ya Maji Maji watakuwa wameshakumbuka maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wajerumani Agosti 1905. Hapa kwetu tunayo maji ya Yakan, yaliyoenea West Nile kwa Walugbara kupitia kwa Rembe na kuhusishwa na ghasia za mwaka 1919. Ukoo ni mmoja, ila kuna tofauti moja kubwa. Kinjikitile hakuwa na waziri wa zamani wala luteni kanali wa kumshauri. Alice alikuwa nao, na walijua risasi ni nini.

Jeshi lilishuka kupitia Lira, Soroti, Mbale na Tororo hadi karibu na Jinja, kilomita 80 hivi kutoka Kampala. Huko Busoga lilikuwa mbali na kwao, watu hawakulifahamu, na mizinga ya NRA ikalivunja mnamo Oktoba na Novemba 1987. Alice alivuka kwenda Kenya, akakamatwa, baadaye akaishi kambi ya wakimbizi ya Ifo huko Dadaab, akafia huko tarehe 17 Januari 2007. UPDA ilifanya mapatano na serikali huko Pece, Gulu, tarehe 3 Juni 1988. Baba yake Alice, Severino Lukoya, aliendeleza kazi kwa muda. Aliyeiendeleza kwa muda mrefu zaidi ni Joseph Kony, na hiyo ni habari ambayo wasomaji wetu wa kaskazini hawahitaji kusimuliwa na mtu.

Sisi tumebaki na swali la kiti. Alice aliposhutumiwa kwa vifo aliweza kusema kwamba Lakwena ndiye aliyeamuru. Karani alitafsiri tu, kamanda alitii tu. Wanasiasa walisema walifuata watu wao. Kila mmoja katika mnyororo huo alikuwa kiti cha mwingine, na mwishoni mwa mnyororo alikuwepo Mtaliano aliyekufa maji, ambaye hakuna mahakama iwezayo kumwita.

Mahakama iliitwa kulijibu swali hilo miaka mingi baadaye, katika kesi ya Dominic Ongwen, aliyetekwa na kundi la Kony akiwa mtoto na kupanda hadi kuwa kamanda. Mawakili wake walidai huko The Hague kwamba alikuwa chini ya nguvu za pepo wa Kony na hivyo hakuwa huru. Februari 2021 majaji walimtia hatiani, na Mei mwaka huo wakamhukumu kifungo cha miaka 25. Katika hukumu yao walieleza jambo ambalo tunadhani linawahusu pia watu wa 1987: kwamba imani katika nguvu za Kony ilikuwa na nguvu kwa watoto waliotekwa karibuni, na kwamba ilipungua na kutoweka kwa wale waliokaa miaka mingi wakamwona kwa karibu. Waliomwona kwa karibu ndio waliokuwa na vyeo.