Nakala tatu za wimbo mmoja: matoleo ya kitaaluma ya nota na waimbaji wetu



Leo naomba niwachoshe kidogo na habari za nota. Najua wengi wenu ni watu wa tenzi, miswada na kamusi, na nyimbo za kwaya mnaziona ni mambo ya Jumapili. Lakini nivumilieni, manake swali lenyewe mnalijua. Mtu akikuta nakala tatu za utenzi mmoja, na katika ubeti mmoja kila nakala inasema lake, achape ipi? Waliohariri tenzi zetu, kuanzia William Hichens na Al-Inkishafi yake ya 1939 hadi J.W.T. Allen na kitabu chake Tendi cha 1971, wote walipambana na swali hilo. Mimi limenikuta kwenye mazoezi ya kwaya.

Naishi Berea, Johannesburg, mtaa wa maghorofa uliopakana na Hillbrow. Mkiona picha ya jiji hili yenye lile jengo la mviringo la ghorofa 54, Ponte, basi ndo kwetu. Enzi za ubaguzi mtaa huu ulikuwa wa weupe. Mwafrika alilala hapa kama mtumishi tu, mara nyingi katika vile vyumba vya juu ya paa. Miaka ya 1980 watu weusi wakaanza kuingia bila kungoja ruhusa, na Sheria ya Maeneo ya Makundi ya 1950 ikaja kufutwa 1991. Leo ukishuka barabarani jioni unasikia Kiswahili cha Lubumbashi, cha Bukavu, cha Kigoma. Kwaya yetu ni ya watu hao hao, kama ishirini na kitu hivi, na mwalimu wetu ni mzee mmoja wa Songea ambaye amekuwa akitunga nyimbo za kanisa tangu ujana wake.

Mwaka jana kijana wetu mmoja, fundi wa kompyuta, alijitolea kuchapa nyimbo za Mzee kwa programu ya nota. Tulifurahi, kwa sababu karatasi zenyewe zimechakaa hata solfa haisomeki. Akaanza na wimbo tuupendao kuliko zote. Katika ubeti wa pili akakwama. Nakala ya kwanza, sauti ya tatu inaimba so. Nakala ya pili inaimba la. Nakala ya tatu, kipimo kizima cha sauti hiyo kimeachwa tupu. Kijana akachagua so, kwa kuwa ndiyo inayokaa vizuri kwenye kodi kama alivyosoma kitabuni, akachapa safi kabisa, kisha akauliza kama zile karatasi anaweza kuzitupa.

Niliziomba nikazichukua nyumbani. Na tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza hasa toleo la kitaaluma la nota ni kitu gani, na sisi linatuhusu nini.

Wazungu wenyewe wamefika hapo kwa njia ndefu. Katika karne ya 19 wahariri wa Bach na Mozart waliongeza alama zao wenyewe, hapa sauti ipande, hapa mwendo upungue, bila kumwambia mpiga kinanda lipi ni la mtunzi na lipi ni la mhariri. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakaamua kusafisha. Mwaka 1948 Günter Henle alianzisha nyumba ya uchapaji iliyojengwa juu ya wazo hilo moja: mpe mwanamuziki nota za mtunzi, na kila unaloliongeza lionekane kuwa ni lako. Toleo jipya la kazi zote za Bach lilianza kutoka 1954 likakamilika 2007, juzuu zaidi ya 100. La Mozart lilianza 1955, na mwishoni mwa 2006 likawekwa kwenye intaneti, mtu yeyote asome bure.

Lakini kilichonifunza zaidi ni Handel. Aliandika Messiah mwaka 1741 kwa siku 24, ikaimbwa mara ya kwanza Dublin Aprili 1742. Muswada wake upo hadi leo London. Basi mtu angedhani kazi ya mhariri ni nyepesi: nakili muswada. Wapi! Kila Handel alipopata waimbaji wapya alibadilisha. Mwaka 1750 alipompata Guadagni, mwimbaji wa sauti ya juu, akamwandikia upya wimbo mmoja wa sehemu ya kwanza, na huo ndio watu wengi wanaoujua sasa. Mabadiliko yale si makosa ya mnakili. Ni mtunzi mwenyewe akiwatazama watu walio mbele yake. Toleo zuri la Messiah humwekea mwimbaji njia zote hizo, na kumwambia ipi ni ya mwaka gani na ya nani.

Sasa turudi huku kwetu. Kutoka Berea hadi makaburi ya Braamfontein ni mwendo wa miguu wa saa moja hivi. Pale amezikwa Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni na kiongozi wa kwaya, aliyefariki 1905. Mwaka 1897 alitunga wimbo ambao sisi Watanzania tunausimamia wima tangu 1961 kama Mungu ibariki Afrika. Zambia wanaimba sauti hiyo hiyo kwa maneno yao, Afrika Kusini wameiunganisha na wimbo mwingine tangu 1997, na Zimbabwe waliitumia hadi 1994. Sontonga aliandika nyimbo zake kwa solfa katika daftari. Walimu wengine wa kwaya waliliazima. Inasimuliwa kwamba mwishowe liliangukia mikononi mwa ndugu yake mmoja, na baada ya hapo halikuonekana tena. Septemba 1996 Rais Mandela alizindua kaburi lake kama mnara wa taifa. Kaburi lilitafutwa likapatikana, daftari hapana.

Maana yake nini kwa mhariri? Maana yake ni kwamba wimbo unaojulikana kuliko yote barani hauna muswada wa mtunzi wa kuurudia. Kuna sahani aliyorekodi Sol Plaatje London Oktoba 1923, akisindikizwa na Sylvia Colenso kwenye piano. Kuna beti saba alizoongeza mshairi S.E.K. Mqhayi mwaka 1927. Kuna vitabu vya nyimbo vya makanisa, kila kimoja na mpango wake wa sauti nne. Kwaya ikibishana leo kuhusu sauti ya pili, hakuna wa kuamua. Na tafadhali angalieni: wimbo haukupotea kwa sababu haukuandikwa. Uliandikwa. Kilichopotea ni maandishi.

Ndiyo maana kazi aliyoifanya Christine Lucia nchini humu inastahili kusomwa na kila mmoja wetu. Joshua Pulumo Mohapeloa, Msotho aliyezaliwa 1908 na kufariki 1982, alichapisha nyimbo zake za kwaya kwa solfa pale Morija, juzuu tatu, 1935, 1939 na 1947. Alisoma muziki Chuo Kikuu cha Witwatersrand kwa Percival Kirby, yaani bonde moja tu kutoka hapa ninapoandika, wakati ambapo asingeweza kupanga chumba Berea. Kwaya za kusini mwa Afrika zimemwimba vizazi vitatu, mara nyingi kwa karatasi zilizonakiliwa kutoka karatasi zilizonakiliwa. Katikati ya miaka ya 2010 Lucia alitoa toleo hakiki la kazi zake katika juzuu sita, na mwaka 2020 likafuata la Michael Moerane, yule ambaye kazi yake ya okestra ya 1941, Fatše la Heso, ilipigwa BBC 1944.

Jambo moja katika toleo la Mohapeloa ndilo nataka tulikazie macho. Nota zimechapwa kwa mifumo miwili pamoja: mistari mitano, na chini yake solfa. Mtu anaweza kuona ni mapambo. Si mapambo hata kidogo. Solfa ya John Curwen ilienea Afrika kwa sababu ilichapika kwa herufi za kawaida, hata kwa taipureta, d, r, m na nukta mbili za kugawa mapigo, na kwa sababu do inahamahama, kwa hiyo mwimbaji hahitaji kujua ufunguo una kreshi ngapi. Waimbaji wetu wengi ndivyo wanavyosoma. Ukichukua wimbo wa solfa ukauchapa kwa mistari mitano peke yake, maprofesa na okestra watakushukuru, na kwaya iliyoutunza miaka 80 umeifungia mlango. Toleo la waimbaji lazima liandikwe kwa herufi ambazo waimbaji wanasoma.

La pili ni tahajia. Kisotho cha Lesotho kinaandikwa li na kutamkwa di, cha Afrika Kusini kinaandikwa di moja kwa moja. Mhariri akinyoosha bila kusema, amefuta alama ya mahali wimbo ulipotoka. Ndugu zangu wa Lamu na Mombasa, nadhani hapa hamhitaji maelezo. Wangapi wamenyooshewa lahaja zao wakaitwa wamesanifishwa?

Na sisi waswahili tuna nini? Tuna utunzi wa kutosha. Padri Stephen Mbunga, kwa mfano, alitunga Misa Baba Yetu, na mwaka 1963 kitabu chake juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu kilichapwa Uswisi. Desemba ya mwaka huo huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukafungua mlango wa muziki wa wenyeji, na tangu hapo kwaya zetu hazijanyamaza. Siku hizi tovuti ya Swahili Music Notes imekusanya nota za maelfu ya nyimbo, na mwalimu wa kwaya aliyeko Toronto au Muscat anapata wimbo wa Jumapili kwa dakika mbili. Hiyo ni hazina kubwa, nawavulia kofia. Lakini ghala ni ghala. Toleo hakiki ni kazi nyingine: nakala zipi zipo, zinatofautiana wapi, nani aliandika ipi, lini, na kwa nini mhariri amefuata hii na si ile.

Basi nikaenda kwa Mzee na karatasi zangu tatu. Nikamwamkia, nikakaa, nikamuuliza: "Mzee wangu, ipi ni sahihi, so au la?"

Akavaa miwani, akazisoma taratibu huku akiimba chini chini.

"Zote zangu, mwanangu."

Akanieleza. So aliiandika Songea. La aliiandika hapa Berea, kwa sababu wale vijana wa Lubumbashi walipofika waliimba la bila kuambiwa, naye akasikia ni nzuri kuliko yake. Na ile tupu?

"Hapo vijana walikuwa wameondoka," akasema. "Wawili Cape Town, mmoja alirudi kwao. Nimuandikie nani?"

Nilirudi nyumbani nikaandika aliyoyasema chini ya kila karatasi, na tarehe. Wandugu, ile nafasi tupu ambayo kompyuta yetu ingeijaza kwa so ni historia ya kwaya ya wahamiaji, imeandikwa na mtunzi mwenyewe. Nakala safi ingeifuta, na wala tusingejua kuna kitu kimefutwa. Na anayeweza kuisoma nafasi hiyo ni mtu mmoja, ana umri mkubwa, na kifua kinamsumbua kila baridi.

Tumekubaliana na yule kijana hivi. La ndiyo inayochapwa kwenye wimbo, kwa sababu ndiyo chaguo la mwisho la mtunzi alipokuwa na sauti zote. So inawekwa juu yake kwa herufi ndogo. Maelezo ya Mzee yako ukurasa wa mwisho, kwa Kiswahili. Mistari mitano juu, solfa chini. Karatasi zote tatu zimepigwa picha na hazitupwi. Wimbo mmoja umetuchukua miezi miwili, na Mzee ana nyimbo zaidi ya arobaini. Sijui kama tutazimaliza.

Ombi langu ni dogo. Kila mmoja wetu, alipo, ana mzee wa namna hii: Leicester, Minneapolis, Dar, Bujumbura. Msianze na programu. Anzeni na daftari, na muulizeni mwenyewe maadamu yupo wa kujibu. Mhariri wa Mozart amezoea kumhoji marehemu kwa kupima karatasi na wino. Sisi bado tuna bahati ya kugonga mlango na kupiga hodi.

Naomba kuwasilisha.