Sinia la Matunda

Siku moja ya kaskazi tulikaa wazee saba nyumbani kwa kaka yangu, Tanga, tukijadili posa ya binti yake. Kijana mwenyewe hakuwa na dosari. Alikuwa na kazi, na adabu alikuwa nayo. Ila babu yake alihamia mjini akitokea mbali, nami ndiye niliyetamka lile neno: "Hawa ni watu wa kuja." Wenzangu wakatikisa vichwa kukubali.

Shemeji akaleta sinia: maembe, nanasi, papai, zambarau, na jagi la maji ya ukwaju. Kaka akasema, "Karibuni, matunda ya kwetu haya."

Nikiwa na kipande cha embe mkononi, nikakumbuka niliyopata kuyasoma. Asili ya embe ni upande wa India na Burma. Hata hivyo ni mgeni wa siku nyingi. Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331, aliandaliwa embe za achari huko Mogadishu. Mombasa nako alikuta tunda alilolifananisha na zaituni, lakini tamu sana, akaliita jamuni. Hilo ndilo jina ambalo Wahindi huliita zambarau mpaka leo.

Nanasi hakulikuta, wala asingeweza kulikuta. Kwao ni Amerika ya Kusini. Columbus na mabaharia wake walilionja katika kisiwa cha Guadeloupe mwaka 1493, miaka mitano tu kabla ya Vasco da Gama kutia nanga Mombasa na Malindi. Wareno ndio waliolieneza, pamoja na jina lake, ambalo limetoka katika lugha ya Watupi wa Brazili. Papai nalo ni la Amerika ya Kati.

Ukabaki ukwaju. Mti huo asili yake ni Afrika hii hii. Lakini Waarabu waliuita tamri hindi, yaani tende ya India, na Linnaeus alipouandika katika vitabu vya elimu ya mimea mwaka 1753, naye akautaja kwa India. Basi katika sinia zima mwenyeji alikuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyeandikwa kuwa mgeni!

Nikamwuliza kaka, "La kwetu hapa ni lipi?" Akacheka. "Yote. Si tumeyapanda wenyewe?"

Sikuweza kuendelea kula. Nikawaambia wenzangu kwamba neno langu la awali nalifuta, kwa kuwa halikuwa na haki. Mzee mmoja alikasirika, akachukua kofia yake akaondoka, na harusini hakuja. Waliobaki wakaikubali posa.

Sasa wale wawili wana watoto. Wakija kunitembelea, kijana huniletea nanasi kutoka shambani kwake na kuniita baba. Hajui kwamba neno lile lilitoka kinywani mwangu. Kila nikimenya nanasi lake nafikiri kumwambia, na bado sijamwambia.