Kiranga Hakuwa Shetani: Mungu wa Wazimu katika Masimulizi ya Ngara na Biharamulo

Katika semina zetu za fasihi simulizi pamezuka mazoea ambayo haifai tuyaache yapite hivi hivi. Mwanafunzi akikuta katika hadithi za Kagera nguvu yoyote inayoua, inayobomoa au inayotia watu kichaa, basi anaipachika jina la Shetani, anaiweka kwenye orodha ya wahusika waovu, kazi kwisha. Makala haya yanapinga mazoea hayo. Nitatumia mfano mmoja, Kiranga, ambaye pia huitwa Ryangombe, na eneo moja, yaani wilaya za Ngara na Biharamulo. Hoja yangu ni kwamba mungu mwovu wa maangamizi na wazimu hakuwamo katika masimulizi haya. Aliumbwa na tafsiri, na tafsiri hiyo ina historia yake.

Tuanze na mahali penyewe. Ngara imepakana na Rwanda na Burundi. Wahangaza wanasema lugha inayosikilizana na Kirundi, na Bugufi yenyewe ilihesabiwa kuwa sehemu ya Burundi mpaka baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilipotiwa Tanganyika chini ya Waingereza. Biharamulo, kwa Wasubi na Wazinza, inatazama upande wa Ziwa. Kwa hiyo hapa ni njia panda ya mapokeo mawili. La magharibi ni la Kiranga. La mashariki na kaskazini, la Buhaya na Uzinza, ni la Wamara, ambaye baada ya kifo chake mamlaka yaligawanywa: Mugasha akapata ziwa na dhoruba, Irungu pori, Kazoba jua na mwezi, Ryangombe ng'ombe. Angalia, ndugu msomaji: hata dhoruba ina mwenyewe, na mwenyewe anajulikana kwa jina. Unaweza kumwogopa, lakini pia unajua umtambikie nani.

Sasa tumsikilize Ryangombe mwenyewe. Katika matoleo mengi yeye ni mwindaji hodari. Mama yake anamkataza asiende mawindoni siku fulani; hasikii. Porini anakutana na mwanamke, mwanamke anageuka nyati, na nyati anamchoma pembe. Anafia kwenye mti wenye maua mekundu ambao Warundi huuita umurinzi na Wanyarwanda umuko. Tangu hapo roho yake ndiyo inayowashika watu. Nilipomwomba bibi yangu huko Ngara anisimulie, alianza kwa kusema "huyo shetani", lakini kadiri hadithi ilivyonoga neno hilo likapotea, akawa anamwita "mwindaji" tu. Na kweli, hebu tujiulize: huyu ni mungu wa maangamizi kwa namna gani, iwapo yeye ndiye aliyeangamizwa?

Tuje kwenye wazimu. Ibada yake huitwa kubandwa, neno lililo katika kauli ya kutendwa, kama sisi tunavyosema "kupandwa na pepo". Aliyeingia alipewa hadhi mpya, akasema maneno ambayo siku nyingine yangekuwa matusi, akavunja miiko ya nyumbani na ya ukoo. Kwa mgeni anayepita, hicho ni kichaa kitupu. Lakini ni kichaa chenye mlango wa kuingilia na wa kutokea, chenye wakunga na mashahidi. Nchini Rwanda Wahutu, Watutsi na Watwa wote waliweza kuingia. Iris Berger, katika kitabu chake cha 1981 juu ya dini na upinzani katika falme za Afrika Mashariki, ameonyesha kwamba ibada za namna hii ziliweza kuegemea upande wa mfalme na pia kuwa kimbilio la wanyonge, hasa wanawake.

Nani basi alimgeuza? Wamisionari walihitaji majina mawili, la Mungu na la adui wake. La kwanza walilikuta: Imana. La pili halikuwapo, kwa maana Imana hakuwa na mpinzani wa hadhi yake. Ikabidi neno liazimwe, nalo likawa Shitani. Mkopeshaji ni nani? Ni Kiswahili chetu hiki, ambacho nacho kililipata kutoka Kiarabu. Jina likishapatikana lilitafutiwa mtu wa kulivaa, na Kiranga alikuwa karibu.

Kuna atakayesema nampamba. La hasha. Watu walimwogopa kweli, na pombe na mbuzi wa matambiko havikuwa haba. Simulizi za Rwanda zinadai wasioingia ibadani huishia kwenye moto wa mlima Nyiragongo. Lakini anayeleta ugonjwa na akaombwa auondoe si sawa na anayetaka uovu kwa ajili ya uovu tu.

Haya si mabishano ya darasani pekee. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa kama siku moja, na Benaco ikawa kambi kubwa ajabu. Mwezi uliofuata jalada la jarida la Time lilibeba kauli ya mmisionari kwamba kuzimu hakujabaki shetani hata mmoja, wote wako Rwanda. Ni kauli inayotikisa moyo. Lakini ihakiki kama unavyohakiki shairi: mtenda ni nani? Shetani. Na mwenye panga? Ametoweka katika sentensi. Na mwenye redio, na mwenye orodha ya majina? Hawamo. Mahakama iliyoundwa Novemba 1994 na kukaa Arusha haikumwita Shetani kizimbani. Tarehe 2 Septemba 1998 ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba: mtu, mwenye jina na cheo.

Ebrahim Hussein alituonyesha njia katika Kinjeketile (1969). Kinjeketile anapagawa na Hongo, lakini tamthilia haituruhusu tumtwishe Hongo mzigo wote; inatulazimisha tutazame watu walilifanyia nini neno la maji.

Kwa hiyo tunapokwenda Ngara au Biharamulo kukusanya hadithi, tuandike jina analolitumia msimulizi. Tuulize nguvu hiyo inatoa nini, inachukua nini, na inaombwaje. Kisha tuulize ni nani wa kwanza kuiita shetani, na alikuwa na haja gani. Mhakiki akiruka maswali hayo anakuwa amerudia katekisimu, hajahakiki kitu. Tena anatuzoesha kusema kwamba maovu yana mungu wake, ilhali waliouawa ng'ambo ya Rusumo waliuawa na majirani waliowajua kwa majina.