Asili ya Neno "Barua Pepe"

Mwaka 1971 Ray Tomlinson, Mmarekani, alipeleka ujumbe kwa mtandao kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Ujumbe wa namna hiyo Kiingereza kiliuita kwa jina la elektroni. Kiswahili kiliuita kwa jina la upepo. "Barua" ni mgeni wa kale, atokaye katika Kiarabu "baraa", yaani hati ya kuondolewa deni. "Pepe" ni la Kibantu, ndugu wa "upepo" na "peperuka". Lakini kwa mpepetaji wa mpunga, tuseme huko Msimbu, Kisarawe, "pepe" ni punje tupu irukayo ungoni. Je, hii ni barua tupu? Sivyo. Shina ni moja, nalo lasema wepesi: punje imekosa kiini, barua imekosa karatasi tu.